Dereva Aliyezibwa Mkojo Makambako: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Usiku mmoja wa Juni mwaka jana, saa nane ikiwa imepita kidogo, kijana aliyejifunika shuka la kimasai alibisha mlango wa kituo cha afya ninachofanyia kazi kama tabibu, kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, akasema mzee wake yuko nje kwenye bajaji na hawezi kukaa wala kulala. Mzee huyo alikuwa dereva wa semi, umri wake miaka 58, mkazi wa Uyole jijini Mbeya, na alikuwa akipeleka Dar es Salaam shehena ya shaba iliyotoka Kongo. Hakuwa amepata haja ndogo tangu saa kumi jioni. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa limevimba na kukaza, na nilipoligusa kwa ncha za vidole tu alinishika mkono akaniambia, "Daktari, mwanangu, nifungulie kwanza, maswali utaniuliza baadaye."

Nilimwekea mpira wa kutolea mkojo. Mkojo ulianza kutoka kwa kusitasita, kisha ukashika kasi, mfuko ukajaa, muuguzi akaumwaga na kuurudisha. Kwa jumla tulipima mililita 1,100, ilhali kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 400 hadi 500 hivi. Maumivu yalipomwachia alikaa kimya kwa muda, akapangusa jasho ambalo baridi ya Makambako, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, haikuwa imelizuia. Swali lake la kwanza lilikuwa kama gari lina mtu wa kulilinda.

Ninaandika kisa hiki, kinachohusu tezi dume, yaani tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu, na uchunguzi wa saratani yake, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, nikiwa nimeacha jina lake, jina la kampuni yake na namba ya gari. Kuzibwa mkojo ni jambo ambalo kila anayefanya kazi katika kituo cha pembeni mwa barabara hii amekutana nalo, kwa hiyo tukio lenyewe halina ugeni. Kilichonifanya nilifuatilie kwa miezi mingi ni kwamba nilipoanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, niliona mwili wa mzee huyu ulikuwa umetoa taarifa kwa miaka minne mfululizo, na kila taarifa ilipofika ilikuta jibu limeshaandaliwa na kazi yake. Kiti cha lori kilikuwa na maelezo ya kila kitu.

Dalili zilizokuwa na majibu

Utingo wake, kijana wa miaka 24, ndiye aliyenipa sehemu kubwa ya historia, kwa sababu mzee mwenyewe mwanzoni alisisitiza kwamba hakuwa na tatizo lolote kabla ya siku ile. "Zamani tukisimama kuchimba dawa, mzee alikuwa anamaliza kabla yangu," alisema kijana. "Siku hizi namaliza mimi, nazunguka gari zima nagonga matairi, narudi namkuta bado amesimama pale pale." Tela lile lina ekseli tatu na kila tairi hugongwa kwa nyundo kusikiliza kama lina upepo, kwa hiyo tunazungumzia dakika kadhaa za mtu kusimama gizani akisubiri mkojo uanze, ukatike, uanze tena. Kijana aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelisoma katika kitabu chochote: buti la kushoto la mzee lilikuwa na madoa meupe kwenye ncha, ambayo yeye kijana huyasugua kila wakifika Dar es Salaam, na hakuwahi kumuuliza yanatokana na nini kwa sababu ya heshima. Nililitazama lile buti chini ya kitanda. Mkojo usio na nguvu hauendi mbele, hudondoka miguuni, na chumvi yake ilikuwa imeandika hapo historia ambayo mwenye buti hakuwa tayari kuitamka.

Asubuhi, baada ya chai, mzee alifunguka. Alikuwa anaamka mara nne hadi tano usiku, na aliamini ni baridi ya nyanda za juu, kwa kuwa hata vijana huamka mara nyingi wakilala Mafinga au Makambako mwezi wa Juni na Julai. Mkojo ulikuwa unatoka kidogo kidogo, na aliamini ni kwa sababu ameuzoesha kukaa ndani. Alihisi baada ya kumaliza kwamba bado kuna uliobaki, na aliamini ni kutokunywa maji ya kutosha. Alikuwa na maumivu ya kiuno, ambayo kwa dereva aliyekaa kwenye usukani miaka 27 hayahitaji hata kujadiliwa. Hakuna hata moja kati ya maelezo haya lililokuwa la kipumbavu. Kila moja lingeweza kuwa kweli kwa mtu mwingine.

Suala la kuubana mkojo linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu watu wengi hulichukulia kuwa tabia mbaya tu ya dereva. Safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori lake lina kifaa cha kufuatilia mwendo, na kila linaposimama nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, simu hupigwa kutoka ofisini kuuliza sababu, kwa kuwa wizi wa mafuta barabarani ni tatizo la kweli na mwajiri ana haki ya kulinda mali yake. Lakini dereva mwenye miaka 58 atamwambia nini kijana wa ofisini, mwenye umri wa mtoto wake, anapoulizwa kwa nini amesimama mara tatu kati ya Igawa na Makambako? Mzee aliamua kutosimama. Alipunguza maji mchana, akanywa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu ili asisinzie, kisha akanywa maji mengi usiku akifika mahali pa kulala. Kahawa humchokoza mwenye kibofu kinachosumbua, na maji ya usiku humwamsha. Kwa hiyo ratiba aliyoibuni ili asisumbuliwe ndiyo iliyozidisha usumbufu. Kwenye foleni ya Tunduma, ambako aliwahi kukaa siku tatu akisubiri kuvuka, alitumia chupa tupu ya lita moja na nusu nyuma ya pazia la kitanda cha lori.

Mara tatu katika miaka hiyo minne alikwenda kwenye duka la dawa na kuambiwa ana UTI. Mara zote tatu alipewa vidonge vya antibayotiki vya siku tano, bila mkojo kupimwa. Mara mbili alihisi nafuu kidogo, jambo lililomthibitishia kwamba ugonjwa ni huo. Shemeji yake alimletea mizizi ya ngiri kutoka Rungwe, akaichemsha na kuinywa kwa mwezi mzima.

Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mke wake, alinijibu kwa sauti ya chini, "Mimi ni dereva. Nikisema njia ya mkojo inasumbua, mama watoto atajua nimeleta ugonjwa wa barabarani." Barabara hii imefundishwa kuhusu UKIMWI na magonjwa ya zinaa tangu miaka ya 1990, na mafundisho hayo yameokoa maisha mengi, mimi mwenyewe nimeyatoa na ninaendelea kuyatoa. Lakini hatukuwahi kukaa tukafikiri kwamba kwa kumfundisha dereva kuhusisha kila kero ya njia ya mkojo na ngono, tunamfunga mdomo dereva ambaye kero yake inatokana na umri. Mzee huyu alinyamaza miaka minne kwa kuogopa tuhuma ambayo haikuwa na msingi, na alinyamaza mbele ya mtu pekee ambaye angemsukuma kwenda hospitali.

Dawa ya mafua

Siku ile ya tukio alikuwa na mafua makali. Alinunua vidonge vya mafua Mbeya mjini, vyenye mchanganyiko wa klofeniramini na pseudoefedrini, akameza viwili asubuhi na viwili mchana ili aendelee na safari. Kwa mwanamume ambaye tezi dume yake imeshakua, dawa hizi mbili kwa pamoja ni hatari halisi. Pseudoefedrini hukaza misuli ya shingo ya kibofu na ile iliyo ndani ya tezi, yaani hufunga mlango. Klofeniramini hudhoofisha msuli wa kibofu unaosukuma, yaani humnyima mwenye kusukuma nguvu zake. Baridi nayo hukaza misuli hiyo hiyo. Tukiongeza saa kadhaa za kubana mkojo, ndipo kibofu kilichokuwa kinajikokota kwa miaka kikashindwa kabisa. Alipoona mkojo hautoki alipofika Igurusi, alikunywa lita mbili za maji ili "kuusukuma", na kila lita iliingia kwenye chombo kisicho na pa kutokea.

Simlaumu muuzaji wa dawa zaidi ya ninavyotulaumu sisi sote tunaotoa dawa hizi kila msimu wa baridi bila kuuliza. Kwa mwanamume aliyepita miaka 50 anayekuja kununua dawa ya mafua, swali "Baba, mkojo unatoka vizuri?" lingetosha. Nimeliandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya kabati la dawa la kituo chetu.

Kipimo kilichochukuliwa siku mbaya

Sasa nifike kwenye kosa, nalo lilikuwa langu. Asubuhi ile ile, mpira ukiwa umewekwa saa tano tu kabla, nilichukua damu ya mzee na kuituma maabara kwa kipimo cha PSA, kinachotumika kuchunguza saratani ya tezi dume. Nilifanya hivyo kwa nia njema: huyu ni mtu wa safari, nikajisemea, akiondoka hapa harudi tena. Majibu yalikuja siku ya tatu yakiwa nanogramu 31 kwa mililita, wakati kiwango kinachotumiwa na maabara nyingi kama mpaka ni 4.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au mgonjwa, na sehemu ndogo huingia kwenye damu. Saratani huipandisha, lakini pia huipandisha kukua kwa tezi kunakoletwa na umri, maambukizi, kuzibwa mkojo na kuingizwa mpira. Mzee wangu alikuwa na mambo matatu kati ya hayo kwa wakati mmoja. Kipimo kile hakikuwa na uwezo wa kuniambia chochote kuhusu saratani siku ile, na nililijua hilo kwa nadharia, ila sikulitendea kazi. Kanuni ya kawaida ni kusubiri wiki sita hadi nane baada ya tukio la namna hiyo au baada ya maambukizi ya mkojo. Hata mtu mzima wa afya huambiwa aepuke tendo la ndoa na kuendesha baiskeli kwa nguvu siku mbili kabla ya kutoa damu.

Madhara ya kosa langu hayakuwa ya kwenye karatasi. Karatasi ya majibu ilimfikia kwa simu, ikiwa picha iliyotumwa na kijana wa maabara, na mwanawe mmoja aliye chuoni akatafuta maana ya namba ile mtandaoni. Niliporudi kuzungumza naye baada ya wiki tatu, mzee alikuwa ameshaita ndugu zake Uyole na kugawa kiwanja, sehemu ya watoto na sehemu ya mke, akiwa amekubali kwamba amebakiza miezi. Alikuwa ameacha kula nyama kwa sababu jirani alimwambia inalisha saratani. Kwa wiki zote hizo hakuwa amelala usingizi kamili, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mkojo.

Kwa hiyo mtu anapohimiza wanaume "wakapime PSA" kwenye mkutano wa hadhara au kwenye redio, bila kueleza lini na kwa masharti gani, ninasikia simu ya mzee yule ikilia. Kipimo hiki kina faida, na nitaieleza, lakini ni kipimo cha mazungumzo: mtu anapaswa kujua kabla ya kutoa damu namba itakayorudi itamaanisha nini na hatua inayofuata ni ipi.

Je, kiti huleta saratani?

Swali hili madereva huniuliza kila mara, na jibu ninalowapa ni la tahadhari. Ushahidi kwamba kukaa muda mrefu kunasababisha saratani ya tezi dume ni dhaifu na unapingana wenyewe kwa wenyewe. Mambo yanayojulikana kwa uhakika kuongeza hatari ni umri, asili ya Kiafrika, na kuwa na baba au kaka aliyepata ugonjwa huu. Mwenye ndugu wa karibu kama hao ana hatari mara mbili hivi au zaidi ya mwenzake. Kukaa kunahusika zaidi na mambo mengine: unene wa tumbo, kisukari, shinikizo la damu, na maumivu sugu ya kinena, ambayo yote huweza kuzidisha kero za mkojo. Kwa maneno ya karakana, kiti hakijaharibu injini hii. Kilichofanyika ni kwamba kelele za kiti zimefunika mlio wa injini.

Hapa ndipo kisa hiki kinapogusa uchunguzi wa saratani moja kwa moja, na ndipo watu wengi, pamoja na watumishi wenzangu, huchanganya mambo mawili. Tezi dume imezunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Kukua kwa kawaida kunakoletwa na umri huanzia sehemu ya ndani, karibu na mrija, ndiyo maana mkojo husumbuka mapema. Saratani nyingi, takriban saba katika kila kumi, huanzia sehemu ya nje, mbali na mrija, kwa hiyo mkojo unaweza kutoka vizuri kabisa huku saratani ikikua. Mwanamume anayesema "mimi mkojo wangu unatoka vizuri, sina haja ya kupima" anajibu swali la ugonjwa mmoja akidhani amejibu la ugonjwa mwingine. Na dereva aliyeletwa usiku akiwa amezibwa hafanyiwi uchunguzi wa mapema, anaokolewa. Uchunguzi wa mapema humlenga asiye na dalili, akichaguliwa kwa umri wake na kwa historia ya ukoo.

Faida ya kupima damu kwa watu wasio na dalili imepimwa kwa muda mrefu. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza miaka ya 1990 katika nchi nane, ukiwa na wanaume wapatao 162,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 69, ulitoa matokeo yake ya miaka 23 mwaka 2025: vifo vya saratani ya tezi dume vilipungua kwa asilimia 13 katika kundi lililoalikwa kupima, sawa na kifo kimoja kuepukwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa, na kimoja kwa kila wanaume 12 waliogundulika na ugonjwa. Wengine miongoni mwa hao kumi na wawili wangeishi na kufa kwa sababu nyingine bila saratani yao kuwasumbua, na baadhi walipata madhara ya tiba, yakiwamo mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupotea. Kwa sababu hiyo jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga lilipinga kipimo hiki mwaka 2012, kisha mwaka 2018 likabadilisha msimamo na kusema mwanamume wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari wake, na kwamba kuanzia miaka 70 asipimwe kama uchunguzi wa kawaida. Utafiti ule haukufanywa kwa wanaume wa Rungwe wala Ludewa. Wanaume wenye asili ya Kiafrika hupata ugonjwa huu mapema zaidi na mkali zaidi, na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume hapa Tanzania; kwa sababu hiyo miongozo kadhaa inashauri mazungumzo kuhusu kipimo yaanze kwa miaka 45 badala ya 50. Mimi nafuata 45.

Kuhusu kipimo cha kidole, ambapo daktari huigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na ambacho kwenye vijiwe vya madereva ndicho kinachozungumzwa peke yake, nitasema kwa kifupi. Huchukua chini ya dakika moja, hufanywa kwa glovu yenye mafuta, na kina kazi yake kwa mtu mwenye dalili au ambaye majibu yake ya damu yamezidi. Kama kipimo cha kwanza cha kuchunguza asiye na dalili, kikiwa peke yake, ni dhaifu. Maana yake ni kwamba mamia ya wanaume wanakimbia mlango ambao si wa kwanza kuingilia; mlango wa kwanza ni maswali na sindano ya damu.

Yaliyofuata

Mzee alipelekwa hospitali ya rufaa. Daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo alimwanzishia tamsulosini miligramu 0.4 kila usiku, akautoa mpira baada ya siku chache, na mkojo ukatoka. Nilimwonya mwenyewe kuhusu jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye cheti: dawa hii huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla, hasa siku za mwanzo, na dereva anayeshuka kutoka kwenye kichwa cha lori kirefu kama kile anaweza kupata kizunguzungu akiwa kwenye ngazi. Alikaa nyumbani wiki mbili kabla ya kurudi kwenye usukani.

Tulijaza naye pia fomu ya maswali saba ya dalili za tezi dume, ile yenye alama kuanzia 0 hadi 35. Kwa hali aliyokuwa nayo kabla ya tukio alipata 23, na kuanzia 20 huhesabiwa kuwa kali. Fomu hii huchukua dakika tano, haihitaji damu wala kuvua nguo, na mtu angeweza kuijaza akiwa mizani akisubiri zamu yake. Iwapo mtu angempa miaka minne nyuma, alama zake zingekuwa za kati, na maisha yake yangekuwa tofauti.

Baada ya wiki nane PSA ilirudiwa. Ilikuwa 6.8. Kidole kilionyesha tezi kubwa, laini, isiyo na kinundu, na utrasaundi ilionyesha ujazo wa mililita 74, wakati tezi ya kijana huwa karibu 20. Ukigawanya 6.8 kwa 74 unapata 0.09, na kiwango kilicho chini ya 0.15 humpa daktari utulivu kiasi, kwa kuwa tezi kubwa hutoa PSA nyingi hata ikiwa haina saratani. Namba ile ile ambayo ingemtisha mtu mwenye tezi ndogo, kwake ilikuwa na maelezo. Hata hivyo mililita 130 za mkojo zilikuwa zinabaki kila akimaliza, na baada ya mashauriano alichagua upasuaji kupitia njia ya mkojo. Vipande vilivyotolewa vilipelekwa maabara inayochunguza vinyama vya mwili. Majibu yalisema ni ukuaji wa kawaida, hakuna saratani. Daktari alimweleza, na ninamshukuru kwa hilo, kwamba vipande hivyo vilitoka sehemu ya ndani tu, kwa hiyo majibu safi hayamwondolei haja ya kupima damu tena. Miezi sita baadaye PSA ilikuwa 1.4.

Suala la mwajiri bado linanisumbua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatambua uchunguzi wa afya ya mfanyakazi, na mzee huyu kweli alikuwa anapimwa kila mwaka: macho, shinikizo la damu, sukari. Katika miaka minne hiyo hakuna aliyemuuliza kuhusu mkojo. Niliandika barua kwa ofisi yake, kwa idhini yake, nikapendekeza mambo mawili tu, kwamba fomu ya maswali saba iongezwe kwa madereva wote waliofikisha miaka 45, na kwamba dereva mwenye barua ya tabibu asipigiwe simu akisimama kwa muda mfupi wa haja. La kwanza limekubaliwa. La pili, nimeambiwa, linajadiliwa.

Wakati wa kuuliza historia ya ukoo, mzee alisema hakuna saratani kwao. Nilimuuliza ndugu zake walifariki kwa nini, mmoja mmoja. Kaka yake mkubwa alifariki Tukuyu akiwa na miaka 61, baada ya kuumwa mgongo kwa mwaka mzima, kisha miguu ikakosa nguvu, na ukoo ukakubaliana kwamba amerogwa kwa sababu ya shamba la chai. Hakuwahi kupimwa tezi dume. Saratani hii inaposambaa hupenda mifupa ya uti wa mgongo, na mtu kuanza na mgongo na kuishia na miguu kulegea ni njia yake inayojulikana. Siwezi kuthibitisha kitu juu ya kaburi. Lakini nilipomweleza, mzee alitazama chini, akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi bado yupo mdogo wangu. Ana miaka 51, anaendesha kosta ya Kyela. Huyu hana dalili yoyote."

Nilimwambia huyo ndiye hasa ninayemtaka. Ilichukua miezi miwili na simu nyingi za kaka mtu. Mdogo wake alifika Makambako siku ya Jumapili, gari likiwa gereji, akiwa amekaa siku mbili bila tendo la ndoa kama alivyoelekezwa, akaniamkia, tukazungumza karibu saa nzima kabla sijagusa sindano. Majibu yake yalikuwa 2.3. Nilimwandikia kwenye kadi namba hiyo, tarehe, na mwezi wa kurudi mwakani. Akaikunja mara mbili na kuiweka nyuma ya leseni yake ya udereva.